Kabla hujazinyima seli oksijeni, pima inayozifikia

Ndugu, umeuliza kama uziweke seli zako kwenye oksijeni ya asilimia 1 kwa saa 24, kwa kuwa uzamivu wako unahusu watu wanaokatika pumzi usingizini. Kwa maoni yangu, hapana. Mgonjwa huyo hakosi oksijeni mfululizo: inashuka, anashtuka, inapanda, na hali ikiwa kali hilo hutokea mara 30 au zaidi kwa saa. Huko kupanda kwa ghafla nako kunaumiza, maana huzalisha molekuli haribifu za oksijeni ndani ya seli. Kuinyima seli mfululizo ni swali jingine kabisa.

Sasa, hapa ndipo wengi hukwama. Unabadilisha gesi juu ya sahani ya kukuzia seli, mashine inasoma vizuri, kumbe oksijeni hupenya polepole mno kwenye kimiminika, hata kikiwa na kina cha milimita 2 au 3 tu. Seli zilizolala chini huenda zisione wimbi lolote. Weka kihisio pale pale zilipo, au tumia sahani yenye sakafu ya utando unaopitisha gesi. Nakusihi, fanya hivyo kabla ya jaribio lolote kubwa.

Protini ya HIF-1 alfa, ambayo hurundikana ndani ya seli zikikosa oksijeni, bila shaka utaipima. Oksijeni ikirudi, huvunjwa ndani ya dakika chache. Ukitoa sahani ukatembea nayo hadi mezani, umeshaipoteza. Zipasue seli humo humo kwenye chemba ya gesi.

Na sahani za kulinganishia zipitishie mkondo uleule wa gesi, ila oksijeni yake isibadilike.