Maswali na majibu: Mfumo ukigoma, tuambieni mapema

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka vyuoni, na karibu zote zina kilio kimoja: huduma ilikatika na hakuna aliyesema kitu. Nimefanya kazi kwenye kitengo cha TEHAMA cha chuo kwa miaka mingi, kwa hiyo najibu kama mtu aliyewahi kulaumiwa kwa haki.

Kila muhula, siku ya mwisho ya kusajili masomo, mfumo unagoma. Wanatukomoa? (Mwanafunzi wa mwaka wa 2, Morogoro)

Hapana, mdogo wangu, hawawakomoi. Nyuma ya mfumo ule kuna kanzidata, yaani ghala la taarifa zote za mfumo, na kanzidata ina kikomo cha maombi inayoweza kuyahudumia kwa wakati mmoja. Kikomo kikifika, waliobaki wanapanga foleni. Sasa anayesubiri akiona ukurasa haufunguki anabonyeza tena, na tena, na kila akibonyeza anaongeza ombi jipya kwenye foleni ileile. Wanafunzi 1,000 wakibonyeza mara tano tano, mfumo unaona maombi 5,000.

Jisajili siku za mwanzo, alfajiri ikiwezekana. Ukikwama, piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe na saa, uitume ofisi ya udahili kabla muda haujaisha. Picha hiyo ndiyo itakayokutetea. Chuo nacho kina wajibu wake: kigawe siku za usajili kwa miaka ya masomo, na mfumo ukilala nusu ya siku ya mwisho, siku iongezwe. Nyongeza hiyo itangazwe jioni ileile, wanafunzi wasikeshe na wasiwasi wa kukosa muhula.

Bosi wangu anasema tusitangaze hitilafu mpaka tujue chanzo. Mimi naona tunachelewa. (Afisa TEHAMA, Mbeya)

Unaona sawa kabisa. Chanzo ni swali la mafundi. Mtumiaji ana maswali yake: Ni mimi tu au ni wote? Nisubiri au nitafute njia nyingine? Mtaniambia lini tena? Hayo unaweza kuyajibu ndani ya dakika 15 za kwanza, hata kama bado hujui ni swichi imeungua au ni diski imejaa.

Mwaka mmoja barua pepe za chuo nilichokuwa nafanya kazi zilisimama asubuhi ya siku ya mwisho ya kutuma maombi ya fedha za utafiti. Tulijifungia chumba cha seva watu wanne, tukiamini dakika 10 zinatosha. Zikapita saa tatu. Mhadhiri mmoja alikuwa ametuma ombi lake mara sita, akidhani kompyuta yake ndiyo mbovu. Angeambiwa mapema angetumia anwani yake binafsi, na ombi lingefika. Alipotujia hakufoka. Aliuliza tu, "Mlikuwa mnajua?" Tulikuwa tunajua.

Tangazo la kwanza linaweza kuwa hivi:

"Saa 3:20 asubuhi. Barua pepe za chuo hazitumi wala hazipokei, kwa watumiaji wote. Mfumo wa masomo na Wi-Fi vinafanya kazi. Tunatafuta chanzo. Kwa jambo la haraka tumia anwani nyingine. Taarifa inayofuata ni saa 4:00 asubuhi, hata kama hakutakuwa na jipya."

Sentensi ya mwisho msiifute, na saa 4:00 ikifika muandike kweli. Mkiwa watu wanne, mmoja asiguse seva. Kazi yake iwe kuandika na kupokea simu. Huduma ikirudi, tangazeni pia. Tunasahau hili mara kwa mara, na watu wanaendelea kuhangaika na kitu ambacho kimeshapona.

Angalieni pia tangazo linakaa wapi. Tarehe 28 Februari 2017 fundi wa Amazon aliingiza amri yenye kosa, ikaondoa seva nyingi kuliko alizokusudia, na huduma yao ya kuhifadhi data ya S3 ikaanguka. Ukurasa wao wa kuonyesha hali ya huduma ulikuwa unaitegemea S3 hiyohiyo, kwa hiyo kwa muda wakashindwa kuusahihisha. Tangazo la kukatika kwa barua pepe likitumwa kwa barua pepe halimfikii mtu. Tumieni SMS, makundi ya WhatsApp ya viongozi wa madarasa, na karatasi kwenye ubao wa kantini.

Matengenezo ya seva tuyafanye lini, na tutangaze siku ngapi kabla? (Fundi wa mtandao, Mwanza)

Usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili unafaa mara nyingi, lakini fungua kwanza almanaki ya chuo uone mitihani, usajili na siku za kuwasilisha tasnifu. Tangaza siku saba kabla, kisha kumbusha siku moja kabla.

Jambo ninalokusihi sana ni saa. Niliwahi kubandika tangazo lililosema huduma itasimama "4:00 hadi 10:00". Nilimaanisha usiku, saa nne hadi saa kumi za alfajiri. Wengine walisoma saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Walimu wetu wa kutoka nje wakasoma kwa saa ya Kiingereza, wakapata kipindi cha tatu kabisa. Wanafunzi wa uzamili, ambao mchana wako makazini, walikuwa na jaribio la mtandaoni saa 4:30 usiku huo. Waliingia, maswali yakafunguka, kisha kila kitu kikazimika. Tangu siku ile naandika hivi: "Jumamosi saa 4:00 usiku (22:00) hadi Jumapili saa 10:00 alfajiri (04:00)." Ni ndefu, lakini inasomeka kwa namna moja tu.

Mei 2024 intaneti ilisumbua nchi nzima, lakini mfumo wetu wa masomo ulifunguka nikiwa chuoni. Kwa nini? (Mhadhiri, Unguja)

Kwa sababu seva yenu iko hapohapo chuoni, mwalimu. Tarehe 12 Mei 2024 mikonga ya EASSy na SEACOM, yaani kebo za intaneti zinazopita chini ya bahari, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Upande wa kaskazini nako kulikuwa kumedhoofika tangu Februari, mikonga kadhaa ilipokatika Bahari ya Shamu, SEACOM ikiwamo. Data za kwenda ng'ambo zikabanana kwenye njia chache zilizobaki. Kompyuta yako na seva ya chuo, kwa upande mwingine, zimeunganishwa kwa kebo za ndani ambazo hazifiki baharini.

Siku kama hiyo ndiyo inayoonyesha umuhimu wa kujua huduma ipi inakaa nyumbani na ipi ng'ambo. Kitengo cha TEHAMA kinaweza kuandaa orodha hiyo sasa, kikawapa walimu, ili mkonga ukikatika mhadhiri ajue aweke vitini vyake wapi.

Data zangu za utafiti ziko kwenye seva ya chuo. Inatosha? (Mwanafunzi wa uzamili, Dodoma)

Haitoshi. Desemba 2021 katika Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, hitilafu kwenye programu ya kutunza nakala ilifuta takribani terabaiti 77 za data za watafiti, na sehemu yake haikupatikana tena. Weka nakala ya pili kwenye diski yako, na ya tatu mahali pengine kabisa. Kisha leo hii jaribu kufungua faili moja kutoka kwenye nakala hizo.

Mwanangu ametumiwa ujumbe kwa jina la chuo: atume nywila ndani ya saa 24, la sivyo akaunti itafungwa. Atume? (Mama, Tanga)

Asitume, mama yangu. Kitengo cha TEHAMA hakina haja na nywila ya mwanafunzi. Kinaweza kumwekea mpya bila kuijua ya zamani. Asibonyeze kiungo chochote humo. Kama alishabonyeza na kuandika nywila, aibadilishe sasa hivi, kisha aende na simu yake ofisi ya TEHAMA awaonyeshe ujumbe wenyewe, ili wawatahadharishe wenzake waliotumiwa kama yeye.