Bila darubini kubwa, anzia Magadi

Mdogo wangu, umeuliza kama mwanafunzi wa kemia hapa Nairobi anaweza kutafiti uhai nje ya dunia bila darubini kubwa. Anaweza, na nakusihi usiache. Panda gari la Kiserian, kisha uendelee mpaka Ziwa Magadi. Utakuta magadi meupe yamegandamana kama ukoko wa ugali, na maji yenye wekundu wa vijidudu vinavyopenda chumvi. Sasa, bahari iliyo chini ya barafu ya Enceladus, mwezi wa Zohali, nayo ina magadi, kwa hiyo Ziwa Magadi ni mfano wake ulio karibu nawe. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kuona fosfati, kirutubisho ambacho uhai unakihitaji, humo kwa data za chombo cha anga cha Cassini. Data hizo ni bure, zipakue. Ila kabla ya kuchota hata chupa moja, pata kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na umtafute mwalimu wa mikrobiolojia, yaani elimu ya vijidudu.