Majibu ya MRI yalinitisha kuliko kizunguzungu chenyewe

Nilianguka na baiskeli pale Ngamiani, barabara tambarare, hakuna shimo wala bodaboda. Sisi watu wa Tanga na baiskeli mnatujua, kwa hiyo aibu iliniuma kuliko goti. Wiki nzima kabla ya hapo, kila nikigeuka kitandani chumba kilizunguka, kisha kikatulia kabla sijamaliza kusema "lahaula".

Nikaenda Dar kupiga MRI, picha ya ndani ya kichwa kwa sumaku. Kosa langu ni kuifungua bahasha ndani ya basi. Kiingereza kitupu, nikaokota neno hapa na pale: madoa meupe kwenye ubongo. Kufika Segera nilishagawa urithi.

Daktari hata hakuanza na picha. Alinipima presha nimelala, kisha nimesimama, akanitembeza kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Ndipo akaniambia madoa yale ni alama za vimishipa vidogo vilivyochakaa, huonekana sana umri ukisogea, hasa kwa wenye presha. Nami nina miaka 58, na dawa nilikuwa nameza nikikumbuka. Yakiwa mengi huweza kumyumbisha mtu, yangu machache. Yeye alichokitafuta ni ubongo mdogo, ule wa kisogoni unaoratibu mwendo. Haukuwa na kiharusi, uvimbe wala kusinyaa.

Halafu akanilaza ghafla, kichwa kimegeuzwa upande. Macho yakaanza kucheza yenyewe. Kumbe ni vijichembe vya chokaa ndani ya sikio, vimehama mahali pake, na MRI haivioni. Akanizungusha kichwa hatua kwa hatua. Mara mbili tu, kizunguzungu kikaisha.

Kwa hiyo ukipewa majibu, muulize daktari: "Hiki kilichoonekana ndicho kinachoniyumbisha?" Na picha ikiwa safi usikubali kuambiwa huumwi. Kisukari kikitia nyayo ganzi, au vitamini B12 ikipungua, unaweza kuyumba hasa gizani.

Ila kuyumba kukija ghafla pamoja na ulimi mzito, kuona vitu viwili au uso kupinda upande, kimbilia hospitali saa hiyohiyo. Na CT ya mwanzo, picha ya kichwa kwa eksirei, ikisema hakuna kitu, bado sema unavyojisikia, maana kiharusi cha kisogoni huweza kutoonekana humo.

Juzi nimeendesha hadi Raskazone. Dawa ya presha sasa naimeza kila siku, na ripoti ameificha mke wangu.