Treina na wati zake: mmeuliza, najibu

Naona mvua imewafungia wengi ndani, maswali yote safari hii ni ya treina tu, kile kifaa cha kufungia baiskeli ukapiga pedali ndani, na wati zake, yaani nguvu unayotoa.

Pedali yangu yenye kipima nguvu inasema wati 243, treina inasema 235. Nani muongo? (Sakina, Arusha)
Hamna muongo hapo kaka. Pedali inapima pale mguu unaposukuma, treina inapima nguvu ikishapita kwenye cheni na gia, na cheni nayo inakula chake njiani, asilimia 2 mpaka 4 hivi, ya kwako imekula kama 3, uko poa. Ningeshtuka kama treina ndo ingesoma juu, hapo mojawapo ina shida.

Yangu ni ile ya tairi kukaa juu ya rola. Naanza na 180, nusu saa mbele inasoma 200 na mi sijaongeza kitu. (Moshi)
Joto hilo dada. Tairi na rola vikishapata moto ukinzani unapungua, gurudumu linakimbia zaidi kwa nguvu ileile, na treina nyingi za bei rahisi zinakisia wati kwa spidi tu, kwa hiyo inakupa sifa za bure. Jaza upepo uleule kila siku, tena kwa geji sio kubonyeza na dole gumba, na skrubu ya kukazia rola hesabu mizunguko. Halafu piga kwanza dakika 10 au 15 ndo ufanye spindauni, ile ya kukimbiza gurudumu ukaliacha lisimame lenyewe ili treina ijipime upya. Ukiifanya tairi likiwa baridi umejisumbua.

Nikitoka Arusha kwenda Moshi wati zinapanda, treina mbovu?
Treina nzima, we ndo umepata hewa, maana ukishuka chini oksijeni inaongezeka. Arusha ni mita 1,400 hivi juu ya bahari, Moshi haifiki 900.

Pawamita (kipima nguvu) ya kranki, ule mkono unaoshika pedali, nitaihakikije bila maabara?
Dumu la maji. Lipime mzani wa dukani lifike kilo 20 kamili na dumu lenyewe, seti ziro kranki ikiwa tupu, kaza breki ya nyuma, lining'inize kwenye pedali kranki ikiwa imelala sawa na sakafu. Kranki ya milimita 170 inatakiwa isome newtonmita (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) 33 na kitu. Ila angalia kwanza urefu wa kranki ulioandika kwenye programu ya pawamita, mi niliweka 175 wakati yangu ni 170, miezi miwili najiona nimeiva kumbe asilimia 3 nzima ilikuwa ya kuandika vibaya.