Mafuvu yanayotoka kama chaki

Ndugu yangu wa Langoni, umeuliza kwa nini mafuvu ya vinyago vyako vya mchezo wa mezani yanatoka meupe kama chaki, na rangi nyeusi ya majimaji uliyopitisha juu imeyachafua tu.

Umeanzia kwenye nyeupe. Mfupa uliozikwa hunyonya rangi ya udongo, basi paka kahawia kote kwanza, ikauke. Changanya akriliki nyeupe sehemu 3, manjano ya udongo 1 na tone la kahawia, upake tabaka mbili nyembamba palipoinuka. Mashimo ya macho na katikati ya meno usiguse.

Uzee wenyewe unatoka hapa: kahawia sehemu 1, maji 4. Idondoshe kwenye mianya, si kote, kisha fyonza ziada kwa ncha ya brashi kavu ikiwa bado mbichi. Ukichelewa inaacha duara, kama doa la chai kwenye kanzu. Nyeusi iache kabisa, inaua manjano na kukupa kijivu. Vifundo vya mifupa mirefu virudie mara ya pili, maana ndani ni kama sifongo na hunywa uchafu zaidi.

Ukitaka mfupa wa juani, kama wa punda kwenye mchanga wa Shela, huo ni mweupe mkavu wenye nyufa zinazofuata urefu wake. Zichore kwa brashi namba 0.

Vanishi isiyong'aa paka kwa brashi. Ya kupuliza, kwa unyevu wetu wa Lamu, hufanya ukungu mweupe.