Kabla hujatupa membreni, yafuate maji

Wiki iliyopita kijana anayefanya kazi kwenye katamarani ya wageni huko Kilifi alinitumia ujumbe: "Shikamoo fundi. Mashine ya maji inatoa kidogo na pampu inanguruma vibaya. Bosi anasema membreni zimekufa, tuagize mpya. Wewe unasemaje?"

Mashine yenyewe ni ile inayogeuza maji ya bahari kuwa matamu, na membreni ni utando wa ndani unaozuia chumvi. Nilimjibu asubiri, asiagize chochote. Sababu ni kwamba sentensi hiyo ya "membreni zimekufa" naijua. Niliisikia miaka iliyopita nikiwa nimesimama pembeni na spana mkononi, na bado inaniuma.

Boti yetu ilikuwa inazunguka Unguja, Pemba na Mafia. Anayejua kazi ya wageni anajua kwamba mgeni akitoka kupiga mbizi anaoga, kabla ya chakula anaoga, na kabla ya kulala anaoga tena. Ukiwa umetia nanga kisiwa cha Misali hakuna bomba la kuchomeka mpira, kwa hiyo mashine ikikataa safari imekwisha. Yetu ilianza kukataa taratibu. Sindano ya geji ya presha inacheza, pampu inanguruma kama inasaga kokoto, maji yanapungua. Nikamwambia mwenye boti kuwa inavuta hewa upande wa kuingilia. Akaniuliza kama nina cheti cha mashine hizi. Nikamwambia sina. Maongezi yakaishia hapo.

Akaletwa mtaalamu kwa ndege. Alikuja na sanduku la vifaa zuri kweli, nilikiri moyoni. Alisikiliza mashine kidogo, akapima chumvi, akasema membreni zimekwisha. Zikaagizwa mbili mpya, zikafungwa, na siku ya majaribio bahari ilikuwa shwari tumelala Nungwi. Maji yakatoka, wakapeana mikono. Mimi niliambiwa nizitupe zile za zamani.

Sikuzitupa. Nilizitia kwenye dumu lenye maji ya dawa, kwa sababu membreni ikishaonja chumvi haitakiwi kukauka kabisa. Ikikauka ndiyo inakufa kweli.

Tulipokata mkondo wa Pemba na kusi likipiga, ngurumo ikarudi ile ile. Mtaalamu alishaondoka. Nikafungua kile kichujio cha takataka kinachokaa kati ya tundu la boti linaloingiza maji ya bahari na pampu ndogo inayolisha ile kubwa. Oringi ya kifuniko, yaani pete ya mpira ya kuziba, ilikuwa imebapa, na sehemu moja ina mkato mdogo wa kucha. Nikaweka nyingine, nikaipaka grisi ya silikoni, nikawasha. Kimya. Mwenye boti alipita, akatazama geji, akasema "vizuri," akaenda zake. Zile membreni za dumuni baadaye nilizifunga kwenye boti nyingine, zikatoa maji ya kunywa misimu na misimu.

Sasa tuje kwenye somo, maana vijana wengi mnaingia kazi hii mkiwa na simu nzuri na subira kidogo.

Mashine ya maji haina uchawi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Pampu kubwa inayasukuma kwenye utando kwa presha ya karibu bar 55, yaani psi 800. Maji matamu yanapenya, yaliyobaki yanarudi baharini na chumvi yake. Kwenye mashine nyingi za boti, katika kila lita 100 zinazoingia ni kama 10 tu utakazokunywa. Maana yake ni kwamba mashine inahitaji maji mengi, safi, yasiyo na hewa, kabla membreni haijaulizwa lolote. Ndiyo maana nawaambia myafuate maji kuanzia chini ya boti kwenda mbele. Msianzie mwisho kwa sababu tu kitu cha mwisho ndicho chenye bei kubwa.

Tatizo la hewa ni kwamba halijionyeshi. Mpira uliolegea baada ya pampu utadondosha maji, utauona. Uliolegea kabla ya pampu haudondoshi hata tone, kwa sababu pale panavuta ndani. Sakafu iko kavu na wewe unaamini pako salama. Paka povu zito la sabuni kwenye kila kiungo na kila klipu huku mashine ikienda. Mahali ambapo mlio unabadilika ndipo penyewe. Ukipata kipande cha mpira unaopitisha mwanga, kiunge kabla ya pampu na uangalie mapovu.

Na kuna jaribio la ndoo, ambalo ndilo nililompa yule kijana wa Kilifi. Chomoa mpira wa kuvutia kutoka kwenye tundu la boti (funga vali kwanza, tafadhali), utumbukize kwenye ndoo kubwa ya maji ya bahari, mwenzako aendelee kuijaza. Mashine ikitulia, kosa liko kati ya tundu na ulipochomoa. Alifanya hivyo, mashine ikatulia. Kumbe tundu lenyewe lilikuwa limeota chaza wadogo mpaka pakabaki njia ya kupitisha penseli. Bosi wake alikuwa anataka kuagiza membreni kwa sababu ya chaza.

Kama maji yanatoka mengi lakini yana chumvi, hiyo ni kesi nyingine. Chumvi ikipanda ghafla, leo nzuri kesho haifai, shuku oringi za ndani ya bomba la membreni kabla ya membreni yenyewe. Ikipanda polepole kwa miaka, huo ni uzee. Kipimo cha chumvi cha mkononi kikisoma chini ya 500 ppm (miligramu kwa lita) kunywa bila wasiwasi wa ladha. Kikikaribia 1,000 wageni watakuambia wenyewe. Ila pia msitishwe bure. Bahari yetu wakati wa kaskazi inafika digrii 29, wakati membreni hupimwa kiwandani kwa digrii 25. Maji ya moto hupenya kwa urahisi na chumvi nayo hupenya zaidi kidogo. Punguza presha mpaka upate kiwango cha lita kilichoandikwa kwenye kitabu, usifurahie kuzidisha.

Nawaomba kitu kimoja, na nitakirudia mpaka mnichoke: andikeni. Daftari la shule linatosha. Kila ukiwasha, andika presha, lita kwa saa, chumvi, joto la maji. Nilipoulizwa cheti sikuwa na cha kuonyesha, na sauti ya fundi asiye na karatasi haina uzito mbele ya mwenye pesa. Siku hizi nafungua daftari, nasema "tazama tarehe hii na hii." Ubishi unaisha. Andikeni, wadogo zangu. Heshima hakuna atakayekuletea kwenye sahani.

Filta za maikroni 20 na 5, zinazochuja maji kabla ya pampu kubwa, zibadilishwe kwa kutazama geji, si kwa kalenda. Ukipita karibu na delta ya Rufiji wakati wa mvua, filta mpya inaweza kugeuka rangi ya chai siku hiyo hiyo. Bora usiwashe kabisa mpaka uingie maji ya buluu. Bandarini nako usiwashe: utando mwembamba wa dizeli juu ya maji ukiingia kwenye membreni hautoki tena.

Adui mwingine ni klorini. Kila ukizima, suuza mashine kwa maji matamu, na ikikaa bila kazi rudia kila wiki, maana vijidudu vilivyobaki ndani vikifa vinanuka yai bovu. Lakini maji ya bomba la mjini yana klorini, na klorini inakula utando. Ndiyo kazi ya ile filta ya kaboni ambayo wengi huiona pambo. Ibadilishe kila miezi 6 hata kama inang'aa.

Masika, boti ikipumzika, tia dawa ya kuhifadhi membreni. Kwa mashine nyingi ni sodiamu metabisalfaiti, gramu 10 kwa lita ya maji yasiyo na klorini, lakini soma kitabu cha mashine yako kwanza, kwa sababu baadhi ya zile zenye pampu ya kurejesha nguvu (inayotumia tena presha ya maji yanayorudi baharini) hutaka dawa tofauti. Kwenye joto letu dawa hii huchoka, kwa hiyo ipime kila mwezi kwa karatasi za pH, za kupima uchachu; ikishuka chini ya 3, mwaga na utie nyingine. Bandika plasta kwenye swichi yenye tarehe na jina la dawa, ili asije mtu akawasha kwa presha dawa ikiwa bado ndani. Msimu ukianza, isafishe kwanza bila presha, kisha maji matamu ya mwanzo yamwage baharini mpaka harufu iishe, ndipo uelekeze mpira kwenye tangi.