Difu za Range Rover kwenye Land Rover Series III

SWALI: Nina Land Rover Series III fupi, inchi 88, petroli lita 2.25. Nikienda Kasulu, injini inalia mno nikifika kilomita 70 kwa saa. Fundi anashauri difu za Range Rover ya zamani. Zitafaa?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Kuingia zitaingia, kufaa ni habari nyingine. Difu (gia za katikati ya ekseli zinazozungusha magurudumu) yako ni 4.7 (krauni, gia kubwa, meno 47; pinioni, gia ndogo, 10), ile ya Range Rover ni 3.54 (46 kwa 13). Injini itatulia kwa robo hivi, lakini nguvu ya kupanda nayo itapungua robo, hata kwenye gia nzito. Kwa gari linalopandisha magunia ya dagaa Kasulu, tungeacha 4.7 na kutafuta ovadraivu (gia ya ziada ya kupunguza mzunguko wa injini).

Ukishikilia, badilisha mbele na nyuma pamoja. Zikitofautiana, ukiingiza magurudumu yote 4 kwenye barabara kavu, mfumo unajibana hadi kitu kivunjike.

Ukiagiza spea Gerezani, Dar es Salaam, usinunue kwa maneno. Hesabu meno. Difu ikiwa bado garini: kinga matairi kwa mawe, weka gia huru, achia handibreki (inakamata propela, shafti inayopeleka nguvu kwenye difu), inua gurudumu moja la nyuma, lizungushe mara 2 kamili. Propela ikizunguka mara tatu na nusu hivi, ndiyo yenyewe. Matundu ya ekseli yawe ya meno 10. Za baadaye zina 24, ekseli zako hazitaingia. Krauni na pinioni husagwa pamoja, hivyo krauni ya difu moja ikiunganishwa na pinioni ya nyingine, itavuma.

Oili ni EP90, lita 1.7 kila difu. Na spidomita itadanganya: ikisoma 60, unakimbia karibu 80.